Maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu barafu ya nchani na bahari yake, leo nayajibu yote

Habari zenu. Nimechoka kuandika jibu moja mara ishirini, kila nikiweka picha ya barafu kwenye statasi simu inalia mpaka usiku, kwahiyo nimeyakusanya hapa maswali yanayojirudia. Mengine nimeyaunganisha, mengine nimeyaacha jinsi mlivyoyaandika maana yalinichekesha. Anayetaka kusoma kipande asome kipande, sio mtihani huu.

Wewe ni gaidi wa mlimani hapa Moshi, Antaktika imekuhusu nini?

Gaidi wa kuongoza wageni, tuelewane hapo kabla hujapiga simu polisi. Nilianza kama mgumu, nabeba mizigo ya watu njia ya Machame kupanda Kilimanjaro, baadae nikapata leseni. Sasa kuna safari moja nilikuwa na mgeni, dada mmoja mpole sana, kazi yake ni kupiga mbizi kwenye maji ya baridi huko Svalbard, vile visiwa vya Norway vilivyo juu kabisa karibu na Ncha ya Kaskazini. Tupo kambi ya Barafu, upepo unapiga hema, hakuna anaelala, tunasubiri saa sita usiku tuanze kupanda. Nikamuuliza swali la kupoteza mda tu, ivi chini ya barafu kunakuwaga na nini? Akaongea mpaka uji ukapoa. Asubuhi tumefika Stella Point akaniuliza, mwaka ulioanza kazi ukuta huu wa barafu ulikuwa umefika wapi, nikamwonyesha kwa kidole, akapiga picha kidole changu na nafasi tupu iliyopo mbele yake. Tangu siku iyo nikawa nasoma kila ninachokutana nacho.

Dubu mweupe akipigana na pengwini nani anashinda?

Hawakutani hata siku moja. Dubu yuko Kaskazini, pengwini wako Kusini, na katikati yao kuna dunia nzima ikiwemo sisi.

Ila swali sio baya maana linaonyesha tofauti kubwa ya hizi ncha. Kaskazini, yaani Aktiki, ni bahari iliyozungukwa na nchi kavu: Urusi, Canada, Alaska ya Marekani, Greenland, Norway. Kusini, Antaktika, ni bara lililozungukwa na bahari. Kaskazini kuna watu wamezaliwa kule na babu zao wamezikwa kule, Kusini hakuna mwenyeji, ni watafiti na watalii tu.

Kweli kule kunapata joto kuliko huku kwetu?

Kaskazini ndio, tena vibaya mno. Tangu 1979 Aktiki imekuwa ikipata joto kwa kasi karibu mara 4 ya wastani wa dunia. Sababu moja kubwa ni rangi. Fikiria bati jipya linalong'aa na bati lililokula kutu, lipi linachoma mkono saa saba mchana? Barafu yenye theluji juu inarudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga wa jua, bahari tupu ni nyeusi inameza zaidi ya asilimia 90. Barafu ikipungua bahari inameza joto, joto linapunguza barafu nyingine, linazunguka hivo hivo. Septemba 2012 barafu ya bahari ya Kaskazini ilishuka mpaka kilometa za mraba milioni 3.4, ndo ndogo kuliko zote tangu setilaiti zianze kupima.

Kusini stori ilikuwa tofauti, kwa miaka mingi barafu ya bahari ilikuwa haipungui na watu wengine wakawa wanaitumia kama ushahidi kwamba hii ishu ni uongo, halafu kuanzia 2016 ikaporomoka, na Februari 2023 ikafika kilometa za mraba milioni 1.79, rekodi ya chini kuliko zote. Wale watu sijawasikia tena.

Barafu ya Kibo ikiyeyuka yote bahari itapanda Tanga?

Hapana mangi, lala usingizi. Barafu ya Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro, ni kidogo mno. Kati ya 1912 na 2007 imepotea kama asilimia 85 na bandari ya Tanga haikushtuka. UNESCO wenyewe walisema 2022 kwamba ifikapo 2050 inaweza kuwa imeisha. Inatuuma sisi na biashara yetu, bahari haiijui.

Na hapa wengi wanachanganya, sio kila barafu inapandisha bahari. Chukua glasi ya maji, weka vipande vya barafu, chora mstari kwa maka pembeni, kaa subiri. Ikiyeyuka yote maji yako pale pale kwenye mstari, maana ilikuwa inaelea na nafasi yake ilishaichukua. Iyo ndo barafu ya bahari. Ila ukileta barafu iliyokuwa nje ya glasi ukaitumbukiza, maji yanapanda. Iyo ndo barafu iliyokaa juu ya nchi kavu. Ya Greenland ikiisha yote bahari itapanda kama mita 7, ya Antaktika kama mita 58. Kuisha yote kutachukua mamia na maelfu ya miaka, usianze kuuza kiwanja cha Bagamoyo leo, lakini toka 1901 mpaka 2018 bahari duniani imeshapanda sentimita 20 na kasi inaongezeka.

Mbona kila ukiongea ni pwani pwani, bahari si bahari tu?

Kwa sababu kule uhai wote unajibana pwani. Huku maji bado mafupi mwanga unafika chini mwani unaota, huku barafu imeshikilia ufukwe, huku maji yaliyoyeyuka yanashuka kutoka nchi kavu, ndege na sili, yule mnyama wa baharini mwenye mapezi, wanapanda juu kuzaa. Antaktika eneo ambalo halijafunikwa na barafu halifiki hata asilimia 1 ya bara zima, na vipande hivyo vichache vilivyo karibu na bahari ndo pengwini wengi anataka kuweka kiota, sili anataka kupumzika, na binadamu anataka kujenga kituo chake cha utafiti na matangi ya mafuta. Ni kama kugombania fremu karibu na stendi.

Kwahiyo joto likibadilika pale pwani linaingia kwa milango mitano sita kwa wakati mmoja. Hapo ndo napishana na zile video za dubu mmoja kakonda amekaa juu ya kipande cha barafu na muziki wa huzuni. Sio uongo, dubu wa Hudson Bay magharibi kule Canada walihesabiwa 842 mwaka 2016 wakawa 618 mwaka 2021, lakini ukimwangalia dubu tu umeangalia dari, nyumba hujaingia.

Barafu ina faida gani kwa samaki, si inawafungia mlango?

Hili ndo swali nalipenda kuliko yote.

Yule dada aliniambia ukizamia ukageuka ukaangalia juu, tumbo la barafu sio jeupe, lina rangi ya kahawia kama sufuria iliyopikiwa maharage haijasuguliwa. Ule ukungu ni mwani mdogo mdogo unaoota kwa kujishikiza chini ya barafu, mwanga kidogo tu wa mwanzo wa msimu unautosha. Na ndo chakula cha kwanza cha mwaka baada ya miezi ya giza.

Kusini anaekula pale ni krili. Wengi nawaambia ni kama dagaa ili waelewe haraka, ila kiukoo yuko karibu zaidi na uduvi, anafika sentimita 6, na watoto wake wakati wa baridi wanaishi kwa kukwangua ule mwani kwenye tumbo la barafu. Halafu krili analiwa na karibu kila mtu: nyangumi, pengwini, sili, samaki, ndege. Kaskazini kazi hiyo inafanywa na vidudu vidogo vyenye mafuta mengi vinaitwa kopepodi, vinaliwa na samaki mdogo anaitwa kodi wa Aktiki (sio kodi ya mapato), kodi analiwa na sili, sili analiwa na dubu.

Sasa shida sio tu barafu kupungua, shida ni saa. Barafu ikiondoka mapema, mwani unachipua mapema na unaisha mapema, watoto wa kopepodi na wa samaki wanafika kwa ratiba yao ya zamani wanakuta sufuria zinaoshwa. Ukichelewa pilau la harusi Moshi utaenda kula nyumbani, kule hakuna nyumbani.

Eti kuna matope? Matope yanatoka wapi wakati kila kitu ni barafu?

Glasia, ule mto wa barafu unaotambaa polepole kutoka juu, chini yake unasaga mwamba mpaka unakuwa unga. Ikiwa inayeyuka kwa kasi ule unga unashuka baharini na maji yake. Wenzangu wa Machame na Old Moshi mnajua mfereji unavyokuwa siku ya kwanza ya masika, maji rangi ya chai ya maziwa, huwezi hata kunawa. Basi ndo hivyo, lakini ni baharini na ni kiangazi kizima.

Mfano uliosomwa sana ni ghuba ndogo inaitwa Potter Cove, kisiwa cha King George huko Antaktika, Waajentina wana kituo chao pale. Glasia ya pale ilikuwa inaingia baharini ikarudi nyuma mpaka nchi kavu. Chini ya maji kulikuwa kumejaa viumbe laini kama vifuko vilivyojishikiza kwenye mwamba, wanakula kwa kuchuja maji. Matope yalipoongezeka wale wachujaji wakaanza kupungua wengine wakashika nafasi, maana chujio likijaa majani ya chai halipitishi tena. Na kuna miaka krili walikutwa wamekufa wametupwa ufukweni kwa wingi, kupasua matumbo wakakuta wamejaa vipande vidogo vidogo vya mawe. Walikuwa wanakula kama kawaida yao, tena kwa bidii, ila walichokuwa wanameza ni mlima.

Matope pia yanazima mwanga, kwahiyo mwani wa chini unapata giza katikati ya kiangazi. Na yale maji baridi yasiyo na chumvi ni mepesi, yanakaa juu kama mafuta ya mchuzi, yanazuia maji ya chini yenye virutubisho kupanda.

Vile vilima vya barafu vinavyoelea vina madhara gani?

Vinasugua chini ya bahari. Sehemu kubwa ya kilima cha barafu iko chini ya maji, kikifika maji mafupi kinakwaruza sakafu kama mtu anavuta kabati bila kulinyanyua, na kilichopo chini yake kinapondwa karibu chote. Hilo lipo siku zote, ni la asili. Kinachobadilika ni kwamba zamani bahari ya pwani ilikuwa inaganda miezi mingi, vilima vinakuwa vimefungwa kama gari kwenye gereji. Siku hizi kuganda kunapungua vinazurura.

Waingereza kituo cha Rothera wamefanya kitu nilikipenda kwa urahisi wake, wamepanga vitofali vya zege chini ya maji, wapiga mbizi wanarudi kila mwaka kuhesabu vingapi vimepondwa. Hakuna mtambo wa mabilioni pale. Na miaka ambayo bahari iliganda mda mfupi, vilivyopondwa ni vingi.

Sasa baridi ikipungua si viumbe watapumua? Mimi baridi ya Arusha ya mwezi wa saba tu inaniua

Wewe uliumbwa kwa joto bro. Maji ya kule yanacheza karibu na nyuzi -1.8, hapo ndo maji ya bahari yanaganda, na wenyeji wake wameishi hivyo mamilioni ya miaka bila kubadilishiwa. Kuna samaki wa barafu wa Antaktika damu yao haina wekundu kabisa, ni kama maji, kwa sababu maji ya baridi yamejaa oksijeni wao hawahitaji ile kitu ya kuibeba. Sasa pasha maji, oksijeni inapungua, huyu samaki atafanyaje? Kuna kombe mmoja anaitwa Laternula, anajifukia kwenye tope, ukimtoa anajifukia tena. Walipojaribu maabara kupandisha joto nyuzi mbili tatu wengi wakaanza kushindwa, kufika nyuzi 5 hakuna anaejifukia. Nyuzi 5! Iyo ni baridi ya friji yako.

Ila pia sitaki kudanganya kwamba ni kifo tu kila kona. Wapo wanaofaidi. Svalbard, kwenye ghuba inaitwa Kongsfjorden, maji ya Atlantiki yenye joto yameingia, barafu ya baharini haigandi kama zamani, na mwani mkubwa wa miambani umeongezeka mara kadhaa kwenye maji mafupi kwa sababu hakuna barafu ya kuukwangua. Kome waliokuwa wametoweka Svalbard tangu zamani sana wakaonekana tena 2004. Samaki wa kusini wanapanda juu. Kwa mvuvi hiyo ni habari njema, kwa kodi wa Aktiki ni kwamba amepata jirani mkubwa mwenye njaa. Antaktika nako pengwini wa Adélie karibu na kituo cha Palmer walikuwa jozi kama 15,000 miaka ya 70 wakapungua zaidi ya asilimia 80, wakati pengwini wa gentoo, ambao hawategemei sana barafu, wanaongezeka pale pale. Mtu akikuuliza pengwini wanaisha au wanaongezeka, muulize pengwini yupi na wa wapi.

Ni kweli vifaranga vya pengwini vilizama?

Kweli. Pengwini wa emperor wanalelea watoto juu ya barafu ya bahari iliyoshikana na pwani. Kifaranga anazaliwa na manyoya laini kama pamba, hayazuii maji, yale ya kuogelea yanakuja mwishoni mwa mwaka. Mwaka 2022 bahari ya Bellingshausen barafu ilivunjika mapema, na kati ya makundi matano ya pale, manne yanaelekea hayakutoa kifaranga hata mmoja. Walionekana kwa setilaiti, kinachoonekana ni madoa ya kahawia ya mavi yao juu ya barafu nyeupe, halafu picha inayofuata barafu haipo na madoa hayapo.

Na watu wanaoishi Kaskazini wanaathirika vipi?

Ardhi inaondoka chini ya miguu yao. Pwani nyingi za kule sio mwamba, ni udongo ulioshikamana kwa kuganda. Zamani barafu ya bahari ilikuwa inakaa mbele kama ukuta inakata mawimbi, sasa wimbi linapiga udongo moja kwa moja na udongo wenyewe unalainika. Drew Point huko Alaska pwani inaliwa zaidi ya mita 15 kwa mwaka, hiyo ni nyumba na uwanja wake. Kijiji cha Newtok kilianza kuhamia Mertarvik mwaka 2019, kuhama kabisa, sio kupisha mafuriko wiki mbili. Na ule udongo unaenda baharini na kaboni yake na kuyafanya maji ya pwani kuwa meusi.

Ukiacha joto, binadamu anaharibu nini kule moja kwa moja?

Historia kwanza. Karne ya 20 waliuliwa nyangumi kama milioni 2 upande wa kusini wa dunia. Milioni mbili. Kwahiyo tusiongee kama kule kulikuwa safi mpaka juzi.

Leo wanavua krili, kwa ajili ya vidonge vya mafuta na chakula cha samaki wa kufugwa. Kuna tume inasimamia, CCAMLR, na kwa eneo la kuanzia rasi ya Antaktika mpaka visiwa vya South Georgia na South Sandwich kikomo ni tani 620,000 kwa mwaka. Ukilinganisha na krili wote ni kidogo, shida ni kwamba meli zote zinajazana pwani zile zile ambapo pengwini na nyangumi wanakula. Ukichota ndoo kumi ziwani hakuna anaejali, ukichota ndoo kumi kwenye kisima cha jirani utasikia. Zuri lililofanyika ni Bahari ya Ross, toka Desemba 2017 eneo la kilometa za mraba milioni 1.55 limehifadhiwa, kubwa kuliko Tanzania nzima. Na katikati ya bahari ya Aktiki nchi zimekubaliana kutovua kibiashara kwa miaka 16 kuanzia 2021.

Meli nazo. Barafu ikifunguka njia inafunguka. Kelele za injini zinamsumbua nyangumi mwenye pembe, narwhal, hata ikiwa mbali. Mafuta yakimwagika kwenye baridi hayaondoki kirahisi. Meli ya mafuta Exxon Valdez ilimwaga Alaska Machi 1989, miongo baadae ukichimba changarawe za ufukweni unakuta mafuta bado yapo. Mafuta mazito ya meli yamepigwa marufuku Antaktika toka 2011, Aktiki marufuku ilianza Julai 2024 ila kuna misamaha mpaka 2029, yaani marufuku yenye mlango wa nyuma.

Halafu watalii, hapa naongea kama mtu wa kazi. Msimu wa 2022/23 Antaktika ilipata wageni zaidi ya 100,000. Sheria zao ni kali, nchi kavu hawaruhusiwi kushuka zaidi ya watu 100 kwa wakati mmoja, viatu vinasuguliwa mbegu na matope yatoke, pengwini usimsogelee chini ya mita 5. Sisi mlimani nimeshaona mgeni anaacha karatasi nyuma ya jiwe na gaidi mwenzangu anageuza shingo kwa sababu anawaza tipu. Sasa najiuliza kule penye baridi zaidi na tipu kubwa zaidi shingo ngapi zinageuka.

Sumu za mashambani zinafika kweli mpaka kule?

Zinafika, na hii inatugusa wakulima wa kahawa. DDT, ile sumu ya kuulia wadudu, ilikutwa kwenye miili ya pengwini wa Adélie miaka ya 60, sehemu ambayo haijawahi kuwa na shamba wala mbu. Inapanda na hewa ya joto, inasafiri, ikifika penye baridi inashuka, kama mvuke unaogeuka matone kwenye mfuniko wa sufuria. Halafu inakaa kwenye mafuta ya mwili, na kule kila kiumbe ni mafuta. Akina mama wa Inuit kaskazini mwa Canada walipimwa maziwa ya kunyonyesha miaka ya 80, wakakutwa na kemikali za viwandani nyingi kuliko akina mama wa mijini kusini, na kiwanda hawajawahi kukiona. Hayo yalisaidia kuzaa mkataba wa Stockholm wa 2001, wa nchi kukubaliana kuzidhibiti sumu za aina hii.

Hewa ukaa inafanya bahari kuwa asidi, kweli au chumvi?

Kweli. Maji baridi yanameza hewa ukaa zaidi, kama soda, ya baridi inashika gesi ya moto inaimwaga. Konokono wadogo wanaoelea Bahari ya Kusini magamba yao yamekutwa yameshaanza kuliwa.

Mwani wa Svalbard ni ule ule wa Zanzibar? Tunaweza kulima?

Aliuliza shangazi yangu, anataka biashara. Hapana shangazi, sio ukoo mmoja. Ule wa kule ni mkubwa, wa kahawia, unajishikiza kwenye mwamba kwenye maji ya baridi. Wa Paje na Jambiani ni mdogo, akina mama wanaufunga kwenye kamba maji yakitoka. Na huo wa kwetu ndo unaoumia, aina yenye bei nzuri, kotoni, imekuwa ikifa maji yakipata joto sana, wengi wakabaki na spinosamu ambayo ni ya bei ya chini. Ugonjwa wenyewe unaanzia kwenye tawi moja, linalainika, linakuwa jeupe, linakatika. Wataalamu wanauita ais-ais, barafu-barafu, kwa sababu ya ule weupe.